Mtoto Akifika Darasa la Saba

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, muuguzi, katika hafla ya Jumuiya ya kuadhimisha Uhuru, Desemba 9)

    

Kamati iliponiomba niseme machache, najua ilitarajia nizungumzie presha na kisukari, kwa kuwa mimi ni muuguzi na shahada yangu ya uuguzi nimeipatia hapa hapa Marekani. Msiwe na wasiwasi. Kipimo cha presha kipo pale mezani karibu na mlango. Ila tafadhali mpite pale kabla ya pilau, siyo baada ya pilau.

Nimeomba ruhusa nizungumzie darasa la saba.

Kwetu, ukitaja darasa la saba kila mtu anakaa sawa. Ni mwaka wa mtihani wa taifa. Mtoto hatumwi ovyo, taa haizimwi mapema, na hata mjomba aliyekuja kutembea anaulizwa kama anajua hesabu za kugawanya sehemu. Huku mambo ni tofauti. Darasa la saba liko katikati ya shule ya kati, halina mtihani wa kumaliza shule, mtoto ana miaka 12 au 13, ameanza kufunga mlango wa chumba chake, nasi wazazi tunapumua kidogo. Naomba tusipumue.

Sababu ni hii. Katika jimbo letu la California, darasa la sita wanasoma dunia ya kale: Misri, Mesopotamia, Ugiriki, Roma. Darasa la nane wanasoma historia ya Marekani. Darasa la saba, hapo katikati, wanasoma dunia ya Zama za Kati, kuanzia kuanguka kwa Roma, takriban mwaka 500, hadi mwaka 1500 na kusonga mbele kidogo. Ndani ya mwaka huo mmoja mna kuenea kwa Uislamu, China, Japani, mabwana na watwana wa Ulaya, Wamaya, Waazteki na Wainka, na Afrika ya dola za Ghana na Mali.

Ndugu zangu, tazameni ratiba hiyo vizuri. Katika shule ya kati huo ndio mwaka ambao Afrika ya baada ya Mafarao inaingia darasani ikiwa na wafalme wake, miji yake, wanazuoni wake na wafanyabiashara wake. Mwaka unaofuata mtoto atamkuta Mwafrika kwenye kitabu akishushwa melini na minyororo. Mtoto aliyepita darasa la saba akiwa amesinzia atadhani Mwafrika alianzia pale kwenye meli. Aliyelipita akiwa macho atajua kwamba watu wale walitoka mahali.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi ni moja. Mwaka huo kaa mezani na mtoto wako. Na ukikaa naye, usimfundishe kujisifu. Mfundishe kuuliza, na umwambie yote.

Msafiri mmoja, ramani moja

Miaka michache sasa tumekuwa na darasa letu la Jumamosi kwa watoto wa Jumuiya, na tatizo la kwanza ninaloliona kila mwaka ni hili: kitabu cha shule kimekatwa vipande. Sura hii China, sura hii Ulaya, sura hii Mali. Mtoto anadhani hivyo ni vyumba tofauti na watu wake hawakuwahi kuonana. Na pwani yetu, katika vitabu walivyoniletea wanangu, ina aya chache tu pembeni.

Dawa niliyoipata ni mtu mmoja, Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, alitoka nyumbani kwenda kuhiji Makka. Hakurudi kwao kukaa hadi miaka kama 24 ilipopita. Wazazi mnaopigiwa simu mara moja kwa mwezi na vijana wenu walioko chuo, jipeni moyo.

Bandika ramani ya dunia kwenye friji. Chukua uzi na pini. Weka pini Tangier, kisha Cairo, ambako aliisifu hospitali iliyojengwa na Sultani Qalawun mwaka 1284. Hospitali ile ilikuwa na sehemu mbalimbali kwa maradhi mbalimbali, wanaume kwao na wanawake kwao, na mgonjwa alihudumiwa bila kulipa. Hapo kama muuguzi huwa nasimama kidogo, kwa sababu watoto wetu wanajua bili ya hospitali ya huku inafananaje.

Kutoka Cairo uzi unakwenda Makka, Yemen, kisha mwaka 1331 unashuka pwani yetu: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Baadaye unapanda India, ambako alikuwa kadhi mjini Delhi, unapita visiwa vya Maldives hadi China. Mwaka 1348 unarudi kupitia Syria wakati wa tauni. Na mwaka 1352 unavuka Jangwa la Sahara hadi Mali. Uzi ukishakamilika, mtoto anaona mwenyewe kwamba sura zile za kitabu zilikuwa nyumba moja yenye milango wazi.

Na hapo mzazi wa pwani ana la kusema ambalo mwalimu wa huku hana. Mwulize mtoto: meli zile zilikwendaje bila injini? Kisha mfundishe maneno mawili, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, ukileta vyombo kutoka Arabuni na India. Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, ukivirudisha. Mfanyabiashara aliyekosa upepo alilazimika kusubiri miezi. Alipanga chumba, alikopa, alijifunza lugha, wengine walioa. Mtoto akielewa pepo hizo mbili ameelewa nusu ya historia ya Waswahili.

Chakula nacho kinafundisha. Ibn Battuta ameeleza alivyokaribishwa Mogadishu: wali wa samli, juu yake nyama, kuku na samaki, kando yake ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Akaongeza kwamba watu wa mji ule walikula sana na walikuwa wanene. Hiyo, wapendwa, ni ripoti ya afya ya mwaka 1331, na naiacha hapo.

Darasa letu lilipika chakula hicho. Mtoto mmoja akauliza, na ugali ulikuwa wapi? Swali zuri mno. Mahindi ni zao la Amerika. Mwaka 1331 hapakuwa na punje moja ya mahindi Afrika nzima, wala muhogo. Watu wetu walikula mtama, uwele, mchele na ndizi. Kitu tunachokiita chakula cha asili kabisa kilifika kwetu baada ya mwaka 1500, baada ya Wareno. Watoto walishangaa kuliko walivyoshangaa majumba ya wafalme.

Amejuaje?

Sasa niseme jambo ninalolijua kutokana na kazi yangu. Sisi wauguzi mgonjwa akifika tunachukua historia yake. Neno ni lile lile, historia. Tunamwuliza yeye, tunamwuliza aliyemleta, tunasoma faili la zamani, halafu tunampima. Mara nyingi mambo hayo manne hayakubaliani. Mgonjwa anasema anameza dawa kila siku. Chupa ya dawa imejaa. Hatumwiti mwongo. Tunauliza zaidi.

Watoto wanaweza kufanya hivyo hivyo, na Kilwa ni darasa zuri la jambo hilo. Ibn Battuta ameandika kwamba Kilwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa vyema, na kwamba majengo yake ni ya mbao. Lakini nenda Kilwa Kisiwani leo. Utaona kuta za msikiti mkuu, za mawe ya matumbawe na chokaa, msikiti uliopanuliwa sana karne ile ile ya 14. Utaona magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Ni mawe. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Basi nani mkweli, mtu au jiwe? Watoto wakiachwa wajadili, wanatoa majibu ya kiutu uzima. Mmoja anasema, labda nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, nazo zimeoza. Mwingine anasema, labda alisahau. Hapo ndipo nawaambia kwamba kitabu chake hakukiandika njiani. Alimsimulia mwandishi mjini Fez, na kazi ilikamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya kuiona Kilwa. Nani humu ukumbini anakumbuka rangi ya paa la nyumba aliyolala usiku mmoja miaka 20 iliyopita?

Kazini kwetu kuna usemi kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Wodini ni sheria nzuri, inaokoa maisha. Katika historia sheria hiyo ingetufuta wengi wetu, kwa sababu mababu wengi wa watu waliomo humu hawakuandika. Ndiyo maana mtoto ajue kwamba ushahidi si maandishi tu. Wafalme wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye majina yao. Sarafu ya Kilwa imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, upande ambako dhahabu ilitoka ikipitia Sofala. Mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa hata kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu bado wanabishana zilifikaje huko. Vigae vya vyombo vya China vimejaa katika magofu ya pwani nzima. Na mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulipeleka twiga kwa mfalme wa China.

Lugha nayo ni ushahidi, na huu mtoto anao mdomoni. Bandari na dirisha ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Meza ni Kireno. Dawa na tauni ni Kiarabu. Karantini inatokana na neno la Kitaliano la arobaini, na hapo nina hadithi ya kazi yangu.

Mwaka 1347 tauni ilifika Aleksandria na Sicily. Katika miaka michache Ulaya ilipoteza angalau theluthi moja ya watu wake. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliagiza wageni kutoka sehemu zenye maradhi wakae kando siku 30. Baadaye desturi ikawa siku 40, na hizo arobaini ndizo zilizozaa karantini. Watoto wetu wanaokumbuka mwaka 2020, walipofundishwa kwenye kompyuta jikoni, hawahitaji kuelezwa sana. Lakini nawakumbusha kwamba kijidudu cha tauni hakikutambuliwa hadi mwaka 1894, na Alexandre Yersin, kwa hadubini. Watu wa mwaka 1348 hawakuwa wajinga. Hawakuwa na hadubini.

Na walifanya nini walipoogopa? Ibn Battuta anaeleza kwamba Damascus watu walifunga siku tatu, kisha wakatoka pamoja kuomba: Waislamu na Kurani yao, Wayahudi na Torati yao, Wakristo na Injili yao. Mwezi Februari 1349, mjini Strasbourg, Wayahudi walisingiziwa kutia sumu visimani, wakachomwa moto. Tauni ni ile ile. Nawauliza watoto, ugonjwa ukija tena tutafanana na mji upi? Sijawahi kupata darasa lililonyamaza kwa swali hilo.

Yale tusiyopenda kusema

Sasa nifike kwenye jambo zito, na naomba mnivumilie.

Mzazi mmoja, kaka yangu ninayemheshimu sana, alinifuata baada ya darasa akaniambia, “Dada, haya ya Kilwa na dhahabu ni mazuri, mungu akubariki. Ila yale ya watumwa yaache. Watoto wetu wanayasikia ya kutosha huku.”

Nimelifikiria neno lake kwa muda mrefu, kwa sababu najua linatoka wapi. Anataka mwanawe ainue kichwa. Nami nataka mwanangu ainue kichwa. Lakini naomba niwaeleze kilichoandikwa.

Sultani wa Kilwa aliyempokea Ibn Battuta alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, na watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Anasifiwa kwa unyenyekevu. Alikaa na mafukara na kula nao. Siku moja fukara kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akampa. Hadithi nzuri sana, mtoto yeyote ataipenda. Endelea kusoma. Zawadi nyingine alizopewa fukara yule zilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Na katika kurasa zile zile imeandikwa kwamba sultani huyu alikuwa akishambulia nchi za Wazanji, watu wa bara, akiteka mali na watu.

Zawadi zile zilikuwa watu. Walikuwa na mama zao.

Nenda upande wa Mali, ile Mali ya Mansa Musa aliyepita Cairo mwaka 1324 na dhahabu nyingi hata bei ya dhahabu ikashuka. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1352, alimkuta Mansa Sulayman. Alikasirika kwa sababu zawadi ya kumkaribisha ilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama na maziwa mgando. Watoto hucheka sana hapo. Pia aliisifu Mali kwa haki na usalama wa njia zake. Kisha aliporudi kuvuka jangwa, msafara aliokuwa nao ulikuwa na wajakazi 600. Ameitaja idadi hiyo na kuendelea na safari yake, kama mtu anayetaja magunia.

Kwa hiyo nikiyaacha ya watumwa, nitakuwa nimeng'oa kurasa katikati ya kitabu. Na mtoto huyu hatabaki na miaka 12. Akifika 20 atakikuta kitabu hicho maktaba ya chuo, na atajiuliza mama na wale watu wa Jumuiya walimficha nini kingine.

Kazini, tukiwa na majibu mazito, hatuyafichi. Lakini hatumtupii mgonjwa karatasi na kuondoka. Tunachagua maneno, tunakaa, tunamwachia nafasi ya kuuliza, tunarudi kesho kumwona. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuambiwa kwamba watu walitekwa na kuuzwa. Hahitaji kuelezwa kila unyama. Anahitaji mtu mzima wa kwao awe amekaa karibu anapoambiwa.

Na aambiwe kwa upana wake. Zama zile utumwa ulikuwepo karibu kila sura ya kitabu chake. Wafanyabiashara wa Italia walinunua watu pwani ya Bahari Nyeusi. Neno la Kiingereza la mtumwa linatokana na jina la Waslavi. Mwaka 1444, mjini Lagos nchini Ureno, mateka Waafrika waligawanywa hadharani, na kutoka hapo ukakua utumwa mwingine, wa kuvuka Atlantiki, uliofunga rangi ya mtu na utumwa wa vizazi vyote. Mtoto ajue kutofautisha. Tofauti hizo zisitumiwe kupunguza uzito wa machozi ya mtu yeyote.

Niseme na hili. Huwa tunawaambia watoto wetu huku ugenini, mkataa kwao ni mtumwa. Tunalisema kwa fahari. Tumewahi kusimama kwenye neno la mwisho? Ndani ya methali hiyo kuna ushahidi, kama ile sarafu ya shaba. Imebeba kumbukumbu ya nchi ambayo mtu asiye na kwao alijulikana yuko katika hali gani.

Ndugu zangu, tutazame meza hizi. Wengine humu asili yenu ni Kilwa, Unguja, Pemba, Bagamoyo. Wengine asili yetu ni bara, nchi zile zilizoitwa za Wazanji. Huenda babu wa huyu alikuwa kwenye chombo na babu wa yule alikuwa amefungwa kamba. Leo tumekaa meza moja, bendera moja, tunapitishiana kachumbari. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko vyumba 100 vya Husuni Kubwa. Lakini hatuwezi kulifurahia kama tunajifanya hakuna kilichotokea.

Na watoto wetu wanakaa dawati moja na Wamarekani Weusi, ambao babu zao walitekwa upande wa pili wa bara hilo hilo. Siku rafiki yake akimwuliza, “Ninyi mlikuwa wapi?”, mtoto wetu awe na jibu la kweli. Jibu la kweli hujenga urafiki. Majigambo humwacha mwenzake peke yake.

Na Uhuru je?

Mtasema, leo ni sikukuu ya Uhuru, muuguzi ametupeleka karne ya 14. Sijatoka nje ya mada.

Tarehe 9 Desemba 1961 tulipata bendera. Lakini watoto wa shule siku ile walikuwa bado wanasoma historia ya wafalme wa Uingereza, na Afrika yao ilianza pale mgeni alipoiona. Kazi ya kuandika upya ilifanywa miaka iliyofuata, na moja ya matunda yake ni kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na wanahistoria wetu Isaria Kimambo na Arnold Temu, kikachapwa mwaka 1969. Bendera ilichukua usiku mmoja kupandishwa. Historia ilichukua miaka, na sisi tulioko huku bado tunayo sehemu yetu.

Hata jina Zama za Kati ni la kuulizwa. Kati ya nini na nini? Waliolitoa ni Wazungu, wakiwa na maana ya kati ya Roma yao ya kale na kuamka kwao upya. Kwa Kilwa hazikuwa zama za kati. Zilikuwa kilele chake. Mwaka 1505 Wareno waliivamia Kilwa na Mombasa. Mtoto anayeweza kuuliza swali hilo darasani, kwa adabu na mkono juu, yuko huru kwa namna ambayo bendera peke yake haiwezi kumpa.

Sasa mambo matatu ya kwenda nayo nyumbani.

La kwanza, mwanzoni mwa mwaka mwombe mtoto akuonyeshe orodha ya sura. Mwandikie mwalimu barua fupi ya heshima. Ana watoto zaidi ya thelathini darasani, na hajui kwamba nyumbani kwako kuna mtu aliyesimama ndani ya msikiti wa Kilwa. Jitolee kwenda kuzungumza. Wengi watafurahi.

La pili, dakika 20 kwa wiki. Najua zamu zetu. Mimi hufanya za usiku, na wengine humu mna kazi mbili. Dakika 20, ramani, uzi, na maswali matatu: Nani anasema? Amejuaje? Nani hakuulizwa? Huhitaji shahada. Umri wako na masikio yako vinatosha.

La tatu, wazee wetu. Naomba kila mtoto wa darasa la saba katika Jumuiya hii mwaka huu akae na mzee mmoja, achukue historia yake kama sisi tunavyoichukua wodini, aiandike, na ailete kwa mhariri wa jarida hili. Wazee, msiwaambie ya sifa tu.

Nanyi watoto pale nyuma, nimemaliza, keki inakuja. Ila kabla hamjalala leo, mwulizeni babu au bibi yeyote humu ukumbini jambo moja aliloliona kwa macho yake. Akishajibu, mwulizeni la pili: na wengine waliokuwepo wangelisimuliaje?

 Presha ni pale mlangoni. Heri ya Uhuru kwenu nyote.